Kidole cha Nne

Wapiga fidla hawakihesabu kidole gumba. Kwao kidole cha kwanza ni kile cha shahada, na cha nne ni kile kidogo cha mwisho, ambacho watu wengine hawakitumii ila kujikunia sikio. Helena alifundishwa hivyo na Bibi Stroud wa misheni, na muda wote aliojifunza, kidole chake cha nne hakikuwahi kumletea matata. Ndiyo sababu siku kilipoukosa uzi, hakuamini.

Ilikuwa alasiri, katika chumba cha kuvalia mapadre nyuma ya kanisa, Masasi, kiangazi kilichofuata kuvikwa taji kwa Malkia. Watoto wa shule walikuwa bado wananywea uji katika vikombe vya bati vyenye picha yake. Mbele ya Helena palikuwa na rundo la vitabu vya noti za muziki. Bibi Stroud alikuwa anakwenda Ulaya kwa likizo ndefu, na kabla hajaondoka alitaka jambo moja likamilike: Helena ahamie Newala akaanzishe darasa la fidla kwa watoto, maana fidla ndogo zilikuwa zimekwisha kuletwa kwa sanduku. Lakini kwanza avipitie vitabu vyote, mazoezi ya vidole na vipande vya kupiga peke yako. Achague vinavyomfaa mtoto ambaye hajawahi kushika upinde wa fidla, avipange chepesi kwanza na kigumu baadaye, kisha avipige vyote mwenyewe mbele yake.

"Usimpe mtoto kitu ambacho mkono wako haukijui," Bibi Stroud alipenda kusema.

Helena aliipenda kazi ile kupita kiasi. Alikuwa ameolewa, ana mtoto wa kike, Anjelina, aliyeanza kutembea juzijuzi; lakini mchana mtoto akilala mgongoni kwa jirani, yeye alijifungia na vitabu vyake kama mtu mwenye siri tamu. Alipenda kugundua kila zoezi limeficha nini. Moja lingeonekana mchezo tu, kumbe linafundisha kiwiko kisibane. Kipande kingine kingesikika kama wimbo wa kubembelezea mtoto, kumbe katikati yake kuna kuruka kutoka uzi mmoja kwenda wa pili, na hapo mtoto asiyeandaliwa angeanguka. Alichokichagua alikiwekea unyasi mkavu kati ya kurasa.

Siku ile alifika kwenye zoezi fupi la kukikomaza kidole cha nne. Kupanda, kushuka, kupanda tena. Vidole vitatu vikakaa mahali pake. Cha nne kikaanguka kando ya uzi, kikalala. Sauti ikatoka nyembamba, ya kuchechemea. Akarudia. Kikalala tena.

"Kivivu hicho," alisema Bibi Stroud aliyekuwa anapanga majoho kabatini. "Kitumikishe."

Helena alikitumikisha. Wiki nzima alikitumikisha, asubuhi kabla ya kwenda kufundisha shuleni na jioni kabla ya kuwasha moto. Kidole hakikuchoka, hakikuuma, wala hakikutii.

Kisha ikaja siku ya maharage. Alikuwa ameinjika chungu uani, anakoleza moto huku akiimba noti kimoyomoyo, do, re, mi, akiwaza ni kipande gani kitangulie, mara akasikia harufu ya nyama inayoungua. Akatazama chungu, kimefunikwa. Akatazama kama kuku au panya ameingia motoni, hakuna. Akashusha macho kwenye mkono wake wa kushoto. Kidole cha nne kilikuwa kimeegemea figa lililopata moto, ngozi yake imeanza kutoa moshi mwembamba.

Akakivuta kama amevuta kidole cha mtu mwingine. Hakikuwa kimemwuma hata kidogo.

Alikaa chini pale pale uani. Baridi ikamwingia mwilini, ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa na baka karibu na kiwiko cha mkono ule ule, jeupejeupe, pana kama jani la mkunde. Tangu masika alikuwa akilipaka ndimu akidhani ni choa. Akatafuta mwiba wa mlimau. Akajichoma kando ya baka: akaruka. Akajichoma katikati yake: hakuna kitu. Akachoma tena, kwa nguvu zaidi, mpaka tone la damu likatoka. Hakuna kitu.

Nyumbani kwao Helena ugonjwa ule ulikuwa hautajwi kwa jina. Waliuita ugonjwa mkubwa. Alipokuwa mtoto, mama yake mdogo, Ethel, aliupata. Wajomba walikaa kikao, wakamjengea kibanda ng'ambo ya shamba la mihogo. Chakula kiliwekwa juu ya jiwe, na aliyekipeleka aligeuka upesi kabla mwenyewe hajatoka. Mama mdogo Ethel alikuwa na sauti iliyoshinda zote katika kwaya ya kanisa. Jioni aliimba kule ng'ambo peke yake, na watu wa nyumbani walipandisha sauti za mazungumzo ili wasimsikie. Helena alikumbuka hayo, na kilichomtisha kuliko kibanda ni yale mazungumzo.

Akafunga kidole kwa kitambaa. Jirani aliporudi na mtoto akauliza, "Umekuwaje, Mama Anjelina?" akajibu, "Nimeungua kidogo," na uongo ukaanza hapo.

Siku ya kumpigia Bibi Stroud ilifika. Helena alikuwa amekwisha kugundua njia ya kujificha. Katika fidla, noti inayopigwa na kidole cha nne kwenye uzi mmoja ni ile ile inayotoka kwenye uzi unaofuata ukiachwa mtupu bila kubonyezwa. Basi kila palipotakiwa kidole cha nne, yeye aliruka kwenye uzi mtupu. Kwenye uzi wa mwisho, ambao hauna mwenziwe wa kufuata, alikisogeza kidole cha tatu haraka, jasho likimtiririka mgongoni.

Bibi Stroud alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua akauliza, "Mbona nyuzi tupu kila mahali?"

Helena aliushusha upinde. "Kwa ajili ya watoto, Bibi. Nimeona wanaoanza wasibebeshwe kidole cha nne."

Mzungu yule alitabasamu. "Umefikiri kama mwalimu," alisema. Akafunga vitabu, akavikabidhi, na wiki ile ile akaondoka kwenda kupanda meli.

Kwa hiyo Helena alihamia Newala akiwa amesifiwa kwa uongo wake. Mumewe, Cecil, alikuwa seremala wa misheni, akapewa kazi ya kutengeneza madawati huko huko. Walipanda lori kuukuu lililobaki kutoka kwenye mradi wa karanga wa Nachingwea, wakapandisha mlima kwa kona zake, Cecil amempakata mtoto na Helena amepakata sanduku la fidla. Walipofika juu ukungu ulikuwa umelala barabarani kama majivu. Newala mwezi wa saba ni baridi. Watu walijifunika mablanketi hadi mchana, na wanawake walikuwa wanarudi na ndoo kichwani kutoka visima vya bondeni, maana huko juu maji ni ya kuteremkia.

Darasa lake lilikuwa chumba cha mwisho cha shule. Watoto walioteuliwa walikuja wakitetemeka kwa baridi na kwa hamu: Isabela, binti wa mzee wa kanisa Basil; Kurwa, mtoto wa Nurdini mkulima wa korosho; na wenzao wachache. Walizishika fidla kama watu wanaoshika vifaranga. Helena alianza na kipande cha nyuzi tupu tu, upinde kwenda na kurudi, na kwa muda wa dakika chache aliisahau hofu yake, kwa jinsi chumba kile kilivyojaa sauti mbaya za furaha.

Kisha Isabela akaweka vidole. Kifundo cha mkono wake kikaanguka, kikaegemea shingo ya fidla. Kila anayeanza huanguka hapo. Dawa yake ni ndogo: mwalimu anatia mkono chini, anakiinua kifundo, anakibana kidogo, mtoto anaelewa. Helena alinyoosha mkono wake, akauona kabla haujafika. Akaurudisha nyuma.

"Inua," alisema.

"Hivi, Mwalimu?"

"Hapana. Inua zaidi. Siyo bega, kifundo!"

Mtoto aliinua bega. Helena alitafuta kijiti cha mwanzi, akawa anaonyesha kwa kijiti. Tangu siku hiyo alifundisha akiwa na kijiti. Watoto walidhani ni cha kuwachapia, wakaanza kumwogopa, na mikono yao ikakauka kwa woga. Usiku na mchana aliwaza: niliwashika wangapi kule Masasi? Nani nilimgusa? Alipovipanga upya vile vipande vyake, akakuta anachagua visivyohitaji kumshika mtoto, siyo vinavyomfaa mtoto. Akaona aibu, na bado akaendelea kuchagua hivyo.

Nyumbani ilikuwa vile vile. Alitenga kikombe chake na sahani yake. Alimwachisha Anjelina ziwa kabla ya wakati, akamlaza kwenye mkeka wa pili. Mtoto alikuja mbio na mikono juu abebwe, Helena akajifanya ana unga mikononi.

Jioni moja Cecil aliingia akiwa na vumbi la mbao kwenye nywele, akamkuta Anjelina amekaa sakafuni analia, na mama yake amesimama ukutani anamtazama.

"Mama Anjelina, kuna nini?"

"Nina mafua. Sitaki kumwambukiza."

"Mafua gani haya? Tumefika na mafua, mikorosho imetoa maua, mafua hayo hayo." Akamwinua mtoto, akampangusa machozi. Akakaa kwenye kigoda. Alikuwa mtu mpole, asiyependa maneno mengi, ndiyo maana alichosema baadaye kilimchoma Helena. "Kama kuna mtu, niambie sasa, nimekaa chini."

"Mtu gani, Baba Anjelina?"

"Sijui. Hunigusi. Mtoto humgusi. Unakula peke yako kama mgeni. Ukinipita unajibana ukutani. Mimi nifikiri nini?"

Helena alitaka kucheka, akataka kulia. Alifungua kinywa, neno lenyewe lilikuwa pale kwenye ulimi. Akaona kibanda ng'ambo ya mihogo. "Hakuna mtu," alisema. "Nimechoka tu."

Cecil alitikisa kichwa taratibu, akatoka nje na mtoto wake.

Haikupita muda mrefu ndipo jambo likafika. Asubuhi ile ukungu ulikuwa mzito hata dirisha lilikuwa jeupe tupu. Helena alikuwa anawapigia watoto kipande kipya, kifupi, chenye kuchangamka, kile alichotaka kila mmoja wao aweze kukipiga peke yake Krismasi. Uzi mwembamba wa chuma ulikuwa umeanza kuchanika, naye hakuuona. Aliteleza nao, kidole cha nne kikiburuzika juu yake, akarudi, akapanda tena, na alipomaliza akaona watoto hawamtazami usoni. Wote walikuwa wanatazama mkono wake.

"Mwalimu," alisema Isabela kwa sauti ndogo, "damu."

Kidole cha nne kilikuwa kimechanwa ndani, kama kwa wembe. Damu ilikuwa imetiririka kwenye shingo ya fidla, ikashuka kifundoni, ikalowesha mkono wa gauni lake. Yeye alikuwa anapiga huku anatabasamu.

"Hukusikia, Mwalimu?" aliuliza Isabela.

"Sikusikia," Helena alijibu, na neno lilikwisha kutoka kabla hajalishika.

Kisha Kurwa, bila ubaya wowote, kama mtoto anavyotaja kitu anachokijua, akasema, "Bibi yangu wa Chilangala naye alikuwa hasikii. Vidole vyake vikaisha."

Helena aliiweka fidla mezani, akaona chumba kinasogea mbali. Isabela, mtoto mwenye huruma, alikuwa amekwisha kuichukua fidla mezani na anataka kuifuta damu kwa kiganja chake.

"Usiguse!"

Sauti ile haikuwa ya mwalimu. Ilikuwa ukelele, na darasa la jirani likanyamaza kuusikiliza. Isabela aliiachia fidla, ikaanguka sakafuni, shingo ikavunjika. Akaanza kulia. Helena alirudi nyuma mpaka ukutani, mkono ameuficha kwenye gauni, akasema, "Nendeni nyumbani. Nendeni. Nawaambia nendeni!"

Wakatoka wakikimbia ndani ya ukungu, na yeye alijua wanakimbia na kitu gani midomoni.

Hakwenda nyumbani. Aliufunga mkono kwa leso, akashika barabara, akatembea bila kuangalia pembeni mpaka mahali yanaposimama magari. Palikuwa na lori la kwenda Tandahimba, limebeba magunia. Tandahimba kuna mabasi ya Mtwara. Mtwara hakuna anayemjua. Angeweza kuuza vitumbua, angeweza kuwa mtu asiye na jina, na mwanawe angekua bila kusikia watu wakipandisha sauti.

"Mama, unapanda?" utingo aliuliza kutoka juu ya magunia. "Tunaondoka."

Helena aliushika ubao wa lori kwa mkono wa kushoto apande. Kidole cha nne kilibaki kimejikunja peke yake, hakikushika. Aliutazama mkono ule ambao angekwenda nao popote atakapokwenda. Akaona tena kwamba hata jiwe la kuwekewa chakula linataka mtu wa kuleta chakula, na Mtwara hana mtu.

"Nendeni tu," alisema.

Alimkuta Cecil kwenye banda lake, anapiga randa. Maranda yalikuwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Helena aliuweka mkono wake juu ya meza ya useremala, akafungua leso.

"Nimekudanganya muda mrefu," alisema. "Chukua msumari, unichome hapa."

"Una wazimu?"

Akauchukua msumari mwenyewe. Akauingiza kwenye kidole, taratibu, huku anamtazama mumewe machoni. Hakupepesa. Cecil alikitazama kidole, akalitazama baka lililokuwa wazi sasa kiwikoni, na Helena akaona maana ikimwingia usoni kama maji yanavyoingia kwenye mchanga.

Cecil alirudi nyuma hatua moja.

Hatua ile Helena hakuisahau maisha yake yote, ijapokuwa hakuwahi kumlaumu. Cecil alisimama hapo, randa mkononi.

"Tangu lini?"

"Masasi."

"Na mtoto?"

"Ndiyo sababu simbebi."

Hapo ndipo Cecil alipoelewa, kikombe, sahani, mkeka wa pili, vyote. Aliiweka randa chini. Hakumkumbatia, wala Helena hakulitegemea hilo. Alijifuta mikono kwenye suruali, akajifuta tena, kama mtu asiyejua la kufanya na mikono yake. Mwishowe akaja kwenye meza, akaichukua leso, akakifunga kidole kile yeye mwenyewe.

"Mficha maradhi, kilio humfichua," alisema. "Kesho asubuhi tunakwenda hospitali. Wote watatu."

Hospitali ya misheni ilikuwa bondeni, njia ya kuteremka, na Helena aliteremka kama anayepelekwa kuhukumiwa. Tabibu alikuwa Mmakua mmoja mtu mzima, jina lake Nikolao. Hakuonyesha kushtuka. Alimwambia afumbe macho, akawa anamgusagusa kwa unyoya wa kuku.

"Ukisikia unyoya, onyesha kwa kidole mahali ulipo."

Helena alifumba macho. Akasikia begani, akaonyesha. Akasikia shingoni, akaonyesha. Kisha hakusikia kitu. Akangoja. Alisikia kuku wakiparura nje, akasikia pumzi ya Cecil. Bado hakuna kitu. Katika giza lile la macho yake alijua kwamba unyoya uko mwilini mwake wakati huo huo, unatembea mahali ambapo yeye hayupo tena. Alitamani kupiga kelele.

"Fumbua," alisema Nikolao. Akamshikisha chupa ya maji ya moto na chupa ya maji baridi. Kwenye kidole cha nne zote zilikuwa sawa. Akatia mkono nyuma ya kiwiko chake, akapapasa. "Mshipa huu wa fahamu umevimba kama kamba. Ndio unaokitawala kidole hicho." Akakaa kwenye kiti. "Mwalimu, huu ni ukoma."

Ilikuwa mara ya kwanza Helena kulisikia neno lile likisemwa kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema homa.

"Nitapelekwa kwenye kijiji cha wagonjwa?"

"Zamani ungepelekwa. Sasa tuna vidonge. Utavimeza miaka, siyo siku, na hutaruka hata wiki moja. Aina yako ni ile isiyoambukiza kwa urahisi. Kumshika mtoto mkono hakumpi ugonjwa. Kule kwa wenye aina ile nyingine tunaangalia zaidi." Akasita. "Lakini mshipa umekwisha kuumia. Kidole siwezi kukuahidi."

"Na huyu?" Cecil aliuliza, akamsogeza Anjelina.

Helena alishindwa kutazama. Aligeukia ukuta. Nyuma yake akasikia tabibu anasema, "Haya, mama, wapi? Na hapa?" na mtoto anacheka kwa kutekenywa, anacheka, anacheka tena, kila mahali anacheka. Hakuna mahali alipokaa kimya.

"Sioni kitu leo," alisema Nikolao. "Mtamleta tena, na tena. Ugonjwa huu hauna haraka."

Walipopandisha mlima kurudi, Helena alimbeba mwanawe mgongoni. Aliuhisi ule uzito na ule ujoto, na furaha yake ilikuwa na kitu kama jiwe ndani yake: leo, tabibu alisema. Leo.

Habari ilikuwa imewatangulia. Padre Filemoni, kasisi wa mtaa, alikuwa amewaita wazazi shuleni, na walimkuta amekaa nao. Alimchukua Helena pembeni kwanza. "Mwanangu, tunaweza kusema umehamishwa. Hakuna atakayeuliza."

"Watauliza, Padre. Wamekwisha kuuliza."

Akasimama mbele yao, kwenye chumba kile kile. Akashika meza. Aliwaambia yote, jina la ugonjwa, vidonge, na kwamba alikuwa amejificha.

Mzee Basil alisimama. "Mwalimu, mimi nakuheshimu. Ni mzee wa kanisa, najua inavyopasa kusema. Lakini mimi ni baba kwanza." Alimshika Isabela mkono, wakatoka. Mtoto alikuwa anageuka nyuma mpaka mlango ulipomficha. Mama mmoja akawafuata na wake, halafu mwingine, bila kuaga.

Nurdini alikuwa amekaa nyuma, kofia yake ameishika magotini. Helena alimngoja naye asimame.

"Mama yangu tulimficha mpaka akaisha," alisema Nurdini, bado amekaa. "Watu wote walijua, sisi tukasema ana baridi yabisi. Huyu amejitaja mwenyewe." Aliitazama kofia yake. "Sisemi kwamba siogopi. Naogopa. Kurwa atakuja Jumatatu."

Jumatatu Helena alikaa darasani peke yake na vitabu vyake, mlango wazi. Alikuwa amevipanga upya vipande vile jioni zote zilizopita, na safari hii aliangalia mtoto anahitaji nini. Alikuwa amegundua, kwa mshangao, kwamba kipande kizuri cha anayeanza hakimwombi mtoto zaidi ya vidole vitatu kwa mwaka mzima. Cha nne kinaweza kungoja, na kikifika wakati wake angekifundisha kwa maneno. Alisikia hatua ukumbini. Akaja Kurwa, na nyuma yake watoto wengine wachache. Isabela hakuja, wala hakurudi tena.

Kurwa aliishika fidla. Kifundo chake kikaanguka, kikaegemea. Helena alikitafuta kijiti mezani, akakumbuka alikivunja. Akausogeza mkono wake wa kushoto, na mtoto akakakamaa bega zima. Wote wawili walikuwa wanaogopa, na kila mmoja alijua mwenziwe anaogopa. Akatia mkono chini ya kifundo, akakiinua. Kwa vidole vyake vilivyobaki na uhai alihisi mshipa wa mtoto unavyopiga, mbio, mbio, kama wa ndege aliyekamatwa.

"Legeza," alisema.

"Siwezi, Mwalimu."

"Hata mimi. Tulegeze pole pole."

Wakakaa hivyo kwa muda. Mkono ukaanza kulegea. Kurwa akavuta upinde, na sauti ikatoka ya kukwaruza, nene, ya kwanza.

Baada ya masomo Helena alichukua ndoo, akaenda kwenye tangi la misheni linalokinga maji ya mapaa. Wanawake walikuwa wamepanga foleni wanazungumza. Walipomwona wakanyamaza.

"Shikamooni, mama zangu."

Hakuna aliyeitika. Upepo ulikuwa unapiga mabati. Kisha bibi mmoja, Anastasia wa Mnyambe, ambaye hawakuwahi kusemezana, akasema bila kuinua macho, "Marahaba, mwanangu," na akaivuta ndoo yake kando, mbali kidogo na mfereji wa tangi. Helena hakujua kama amempisha kwa heshima au kwa hofu. Akasogea, akainama, akaanza kukinga maji.